Barua ya wazi: Tuzo ya mbunifu kijana iwe jengo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi;
Mheshimiwa Waziri wa Nchi – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi;
viongozi wa vyama vya taaluma yetu;
na wakurugenzi wa halmashauri zote.

Waheshimiwa,

Soko la Kariakoo lilibuniwa na mtu ambaye leo tungemwita kijana. Beda Amuli alizaliwa mwaka 1938, akasomea ubunifu majengo Haifa nchini Israeli, akarudi nyumbani, na ujenzi wa soko ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na miaka 30 na ushee. Soko likafunguliwa mwaka 1975. Lile paa la miavuli ya zege, lililokinga jua, likaacha hewa ipite na kukusanya maji ya mvua, limekuwa sura ya Dar es Salaam kwa vizazi viwili, na moto wa Julai 2021 haukuifuta sura hiyo vichwani mwa watu. Uhuru ulikuwa na miaka 10 tu. Fedha hazikuwepo za kuchezea. Hata hivyo nchi ilimkabidhi mtoto wake jengo zito, katikati ya mji mkuu wa wakati ule, likasimama.

Nawaandikia kwa sababu kila linapokuja suala la kuwatambua wabunifu vijana, jibu letu ni hafla. Mgeni rasmi, ngao, cheti, hundi kubwa ya kadibodi, picha ya pamoja. Sipingi hafla. Kijana aliyekesha wiki nzima akichora anastahili kupigiwa makofi mbele ya wazazi waliouza shamba ili asome. Ninachoomba ni kwamba makofi yakiisha, abaki na kitu mkononi kinachomfanya awe mbunifu kweli: kiwanja, bajeti, mkataba na tarehe ya kuchimba msingi. Mshindi apewe jengo dogo la umma, alibuni, alisimamie, likamilike, litumike.

Nimesajiliwa kwa miaka mingi sasa, na ofisini kwetu hupita vijana wanaofanya mafunzo kwa vitendo kabla ya mtihani wa Bodi. Mmoja wao alikuja na ngao ya ushindi. Alikuwa na kipaji cha wazi kabisa: alijua kupanga vyumba vipitishe upepo bila kuambiwa, na alikuwa akiwauliza mafundi maswali ambayo wenzake waliona haya kuuliza. Tulimfanyia nini? Alichora orodha za milango na madirisha. Akahamisha ukuta wa choo cha ghorofa ya tatu, akaurudisha, akauhamisha tena. Si kwamba tulimchukia. Kazi zilizokuwepo ndizo hizo, na mteja wa jengo kubwa hakubali kuambiwa kwamba linabuniwa na mtu wa miaka 26. Baadaye aliondoka akaanza kuuza ramani za nyumba mtandaoni, vyumba vitatu kimoja masta, kwa bei ambayo haitoshi hata kulipia kompyuta anayochorea. Anaishi hivyo mpaka leo, na wapo wengi kama yeye kutoka Chuo Kikuu Ardhi na vyuo vingine.

Mlango wa zabuni mnaujua kuliko mimi. Unadai kazi za kufanana zilizokamilika, mauzo ya miaka iliyopita, orodha ya wataalamu walioajiriwa. Masharti hayo yana sababu zake, fedha ni za wananchi. Lakini yamejengwa kwa ajili ya kampuni ambazo tayari zina historia, na hakuna sehemu yoyote kwenye mfumo wetu inayomwezesha mtu kuipata hiyo historia. Sheria zetu za ununuzi zimetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na hilo ni jambo jema. Nimeona vijana wakipata kupitia humo kazi za kusambaza vifaa na za usafi. Sijaona hata mara moja ikitumika kumpa mbunifu kijana zahanati aibuni.

Pengine mtasema ni hatari kumpa asiye na uzoefu jengo la umma. Basi tuangalie tunachokifanya tayari, sisi na majirani zetu. Hospitali ya Wilaya ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Ni hospitali ya kujivunia: kuta zake ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na waashi wa pale pale Burera, na wodi zimepangwa ili hewa izunguke na wagonjwa wasiambukizane kifua kikuu. Waliobuni walikuwa kundi la vijana lililoanza wakati waanzilishi wake bado ni wanafunzi wa Harvard, Marekani. Hapa kwetu Moshi, nyumba ya hifadhi ya wanawake wanaokimbia ukatili, iliyokamilika mwaka 2015 kwa ajili ya shirika la KWIECO, ilibuniwa na wanawake watatu kutoka Finland, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Safari yao Afrika ilianzia Senegal miaka ya 1990, wakiwa wanafunzi, kwa kazi ya chuo iliyokuja kuwa kituo cha wanawake cha Rufisque.

Kazi hizo ni nzuri na waliozifanya walistahili. Uchungu wangu uko kwingine. Hatuna hofu ya ujana, kwa kuwa tunawaamini vijana wa Boston na Helsinki kujenga kwenye udongo wetu. Wao walipata mtu wa kuwaambia "hiki hapa kiwanja, jaribuni, tuko nyuma yenu." Mtoto wa Singida au Masasi aliyesoma mambo yale yale haambiwi hivyo na mtu yeyote, na kazi hizo zinapokuja wilayani kwake, yeye ndiye anayeitwa kushika mwisho wa futi kamba.

Hiyo Finland yenyewe haikuanza na utajiri. Ilipata uhuru mwaka 1917, nchi ya wakulima na wakata miti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa kadhaa ziliungana kujenga sanatoria ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio. Zikaitisha shindano la wazi. Mwaka 1929 akashinda Alvar Aalto, mwenye miaka 30 tu, akapewa kazi, na jengo likakamilika mwaka 1933. Hakupewa ngao, alipewa hospitali. Wanafunzi wa ubunifu majengo duniani kote, wetu wakiwemo, husomeshwa jengo lile, lakini sidhani kama tunawaambia kwamba lilitokana na uamuzi wa madiwani.

Nawaomba mlitazame hilo neno shindano la wazi. Mwaka 1980, nchini Marekani, liliitishwa shindano la mnara wa kumbukumbu ya askari wa vita vya Vietnam, mjini Washington. Michoro 1,421 ililetwa, yote ikiwa na namba badala ya majina. Majaji walichagua mmoja, na bahasha ilipofunguliwa mwenye mchoro alikuwa Maya Lin, msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Wapo waliokasirika. Mnara ulijengwa na ukazinduliwa mwaka 1982, na kila mwaka mamilioni ya watu huenda kugusa majina kwenye ule ukuta mweusi. Fikirini kama majaji wangeona jina, umri na jinsia kwanza. Kwetu, ambako kila mtu anamjua mjomba wa kila mtu, namba badala ya jina si jambo la urembo. Ndiyo njia pekee itakayomwezesha binti asiye na ndugu serikalini kushinda, na watu wote wakaamini kwamba ameshinda.

Sasa kuhusu umri. Tuzo nyingi za vijana huweka ukomo wa miaka 35. Nawasihi msiufuate. Francis Kéré wa Burkina Faso alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, akasoma sekondari ya jioni, ndipo akaingia chuo kikuu Berlin. Shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake cha Gando ilikamilika mwaka 2001, yeye akiwa bado mwanafunzi mwenye miaka 36. Mwaka 2004 shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani yetu. Kwa kanuni ya miaka 35 angezuiwa mlangoni hata kabla paa la Gando halijapauliwa. Vijana wetu wengi wana safari kama yake: walisubiri ada, walifundisha shule kwanza, walilea. Kipimo kiwe miaka tangu kuhitimu, tuseme 10, au kiwe kwamba mtu hajawahi kubuni jengo la umma lililojengwa.

Jambo ambalo naliona zito kuliko yote ni namna tunavyoamua nani mshindi. Tunaamua kwa picha za 3D. Nimekaa mara kadhaa upande wa majaji, na najua kinachotokea: zinapita mezani picha za jengo linalong'aa saa ya magharibi, taa zimewashwa, nyasi kijani, watu wamekatwa kwenye picha za Ulaya wakiwa na makoti. Yenye rangi nzuri zaidi inashinda. Hakuna aliyeuliza maji ya paa yanakwenda wapi masika yakifika. Simtanki halionekani popote. Ukuta mzima wa vioo unatazama magharibi, na mtu atakayekaa nyuma yake saa tisa alasiri atafunga mapazia, atawasha kiyoyozi na atalipa umeme kwa uhai wote wa jengo. Vijana si wajinga, wanachora kile tunachokizawadia. Tukizawadia picha watatupa picha.

Ombeni mchoro wa mkato, yaani wa jengo kana kwamba limekatwa katikati, unaoonyesha upepo wa kusi unaingilia wapi na joto linatokea wapi. Ombeni mchanganuo wa gharama uliopitiwa na mkadiriaji majenzi. Ulizeni tofali zitatoka wapi, na fundi wa kijiji kile ataweza kuipiga kenchi ya paa hilo au itabidi aletwe mtu kutoka mjini. Na majaji wasiwe sisi wabunifu peke yetu. Kama jengo ni zahanati, akae mezani muuguzi aliyefanya kazi zahanati ya kijijini. Yeye ndiye anayejua kwamba kliniki ya mama na mtoto ina siku yake, na siku hiyo akina mama 60 wanasubiri juani kwa sababu baraza lilipunguzwa ili kuokoa bati. Akae pia fundi mkuu mwenye miaka yake kazini. Nina hakika watu hao wawili watagundua kipaji haraka kuliko profesa yeyote.

Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila baada ya miaka mitatu, ina taratibu mbili ambazo tunaweza kuziazima bila gharama kubwa. Jengo halizawadiwi mpaka limekamilika na kutumika, na yale yaliyofika hatua ya mwisho hutembelewa na wataalamu wanaokagua kila kitu na kuzungumza na wanaoyatumia. Pili, heshima hugawanywa kwa wote waliohusika. Mwaka 1986 msikiti wa udongo wa kijiji cha Yaama, nchini Niger, ulipata tuzo hiyo, na mwenye kazi alikuwa mwashi, Falké Barmou. Natamani kuona jukwaa letu likiwa na mbunifu kijana na fundi wake wamesimama pamoja, jina la fundi likisomwa kwa sauti ile ile.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama halipendezi. Vijana wameumizwa na mashindano. Taasisi moja, ambayo siitaji, iliitisha shindano la kubuni jengo lake. Vijana wetu wakaingia, hakuna mshindi aliyetangazwa, na muda si mrefu jengo likainuka likiwa na ngazi na ua ambao mmoja wao aliutambua mara moja kuwa ni wake. Hakulipwa, na hakuwa na nguvu ya kudai. Kazi za ubunifu majengo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Tangazo la shindano lolote la umma liseme wazi kwamba michoro ni mali ya aliyeichora mpaka alipwe. Kiingilio kisiwepo. Na wale watano au sita wanaofika hatua ya mwisho walipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu hatua hiyo ni kazi ya mwezi mzima.

Ninajua mtakachouliza kuhusu sheria: asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi ya ubunifu kwa jina lake. Ni sahihi, na sitaki tuilegeze. Mshindi ambaye hajasajiliwa aunganishwe na ofisi iliyosajiliwa itakayokuwa mlezi wake, ipitie michoro, igonge mhuri, ibebe dhamana na ilipwe kwa kazi hiyo. Lakini mkataba useme nani mbunifu, ubao wa mradi pale kiwanjani uandike jina lake, na muda huo uhesabiwe kwenye mafunzo yake kwa vitendo. Mwenye uzoefu wa kazi hii huko Ulaya ni mpango uitwao Europan: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 miji huleta viwanja vyake halisi, na wabunifu walio chini ya miaka 40 hushindana kwa matumaini ya kupewa kazi. Miji ndiyo inayoleta ardhi na shida yake. Hapa kwetu wenye ardhi na shida ni halmashauri, ndiyo maana barua hii nimewaandikia wakurugenzi pia.

Na kazi zipo nyingi ajabu. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Ni jambo kubwa, watoto wakaingia darasani Januari. Tunafanya hivyo kwa ramani za mfano kutoka TAMISEMI na kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo halmashauri yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi, na ramani za mfano zina faida: zinaokoa muda, na kila mhandisi wa halmashauri anazijua. Lakini Makete si Kilwa. Makete mtoto anatetemeka Julai, anahitaji jua liingie darasani asubuhi. Kilwa mwalimu anafundisha huku bati linachemka juu ya kichwa chake. Dodoma maji ya kila mvua ni dhahabu na hayapaswi kumwagika chini. Ramani ya mfano haiwezi kujua hayo yote. Kama darasa moja tu katika kila 100 lingetolewa kwa vijana walibuni upya kulingana na mahali, tungekuwa na madarasa 150 ya majaribio, na yaliyofanikiwa yangeweza kuwa ramani za mfano za miaka inayofuata. Hapo tuzo ingeinufaisha nchi nzima.

Msiwasahau wabunifu wa samani na vifaa. Mwaka 2016 nchi nzima ilichangia madawati. Mbao, chuma na fedha vilikusanywa kila wilaya. Dawati lile lingeweza kuwa shindano bora kabisa kwa kijana anayejua kuchomelea na kupiga randa: lisivunjike, lirekebishike na fundi wa kijijini, limfae wa darasa la kwanza na wa la saba. Na kwa wenzetu wa Zanzibar, ambako sehemu ya jengo la kale la Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020, naomba tuzo itambue pia kijana anayekarabati, anayejifunza chokaa, boriti na mawe ya matumbawe kwa wazee wachache waliobaki na ujuzi huo. Kukarabati ni ubunifu, tena mgumu.

Halmashauri zinaandaa bajeti sasa kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Ombi langu la kuanzia ni halmashauri tatu: moja ya pwani, moja ya nyanda za juu kusini, moja ya kanda kame ya kati. Kila moja itoe zahanati moja ambayo tayari imo kwenye mpango wake, kwa bajeti ile ile iliyopangwa, bila nyongeza ya shilingi kwenye ujenzi. Bodi iratibu shindano na kutunza bahasha za majina. Vyama vya taaluma vitafute fedha za kuwalipa watakaofika hatua ya mwisho, na zile zilizokuwa zitumike ukumbini kwenye hafla zingetosha kuanzia. Hafla ifanyike baada ya mwaka mmoja wa zahanati kutumika, kwenye baraza la zahanati yenyewe, mganga mfawidhi akiwa mwenyeji.

Kwa upande wetu, mimi na wenzangu kadhaa wenye ofisi zilizosajiliwa tumekubaliana kuwa walezi wa washindi hao watatu bila kudai ada kwa awamu hii ya kwanza. Tutapitia michoro, tutakwenda kiwanjani, tutagonga mhuri na tutabeba dhamana. Tunasubiri jina la halmashauri ya kwanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mbunifu majengo,
Dar es Salaam